Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuchagua Krosibo ya Kuwindia Kulungu

Krosibo ni upinde uliolazwa juu ya kitako kama cha bunduki. Upote unavutwa nyuma mara moja, unashikwa na kufuli, na mshale unaondoka pale unapobonyeza triga. Kwa sababu hiyo mtu ambaye hajawahi kuvuta upinde wa mkono anaweza kupiga shabaha vizuri baada ya muda mfupi, na kwa sababu hiyohiyo wengi huinunua kwa pupa. Karibu kila anayeulizia huanza na kasi. Tuanzie hapo, kisha tuingie kwenye mambo yasiyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi.

Nitafute krosibo ya futi ngapi kwa sekunde?

Kwa kulungu, futi 300 kwa sekunde zinatosha. Najua jibu hilo halimfurahishi mtu aliyekwisha kuangalia matangazo. Krosibo nyingi za sasa hurusha mshale kwa futi 300 hadi 450, na zipo kama Ravin R500 na TenPoint Nitro 505 zinazotangazwa kufika 500 na zaidi. Lakini tazama hesabu yenyewe. Mshale wa greni 400, yaani karibu gramu 26, ukitoka kwa futi 300 kwa sekunde unabeba nishati ya ratili-futi 80 hivi, ambazo ni kama jouli 108. Jedwali la kampuni ya mishale ya Easton, ambalo wawindaji wamelitumia miaka mingi, linamweka kulungu kwenye ratili-futi 25 hadi 41. Maana yake ile krosibo "ya pole" tayari ina nguvu karibu mara mbili ya kile kinachohitajika. Ukiongeza kasi zaidi, mshale unaotoboa mbavu zote mbili na kuingia ardhini utaingia ardhini kwa kina zaidi.

Kasi ina faida moja ya kweli: mshale unashuka kidogo zaidi njiani, kwa hiyo ukikosea kukadiria umbali unasamehewa kiasi. Kwa futi 350, krosibo iliyorekebishwa kupiga katikati kwenye mita 18 itapiga chini kwa zaidi ya sentimita 20 ukilenga vilevile kwenye mita 37. Na ukidhani kulungu yuko mita 37 kumbe yuko 41, unaongeza kosa la sentimita 7 hivi. Kipima umbali cha mkononi kinatibu ugonjwa huo kwa gharama ndogo kuliko kuhamia krosibo ya daraja la juu.

Jambo lingine: kasi iliyoandikwa kwenye boksi kwa kawaida hupimwa kwa mshale mwepesi kabisa unaoruhusiwa. Ukiweka mshale wako wa kuwindia wenye kigumba halisi, namba inashuka. Si udanganyifu, ila usipange mahesabu yako kwa namba ya boksi.

Lakini kulungu si anaweza kuruka kabla mshale haujamfikia?

Anaweza, na hapa ndipo watu wa kasi wanapodhani wameshinda hoja. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Kulungu akiwa mita 27 kutoka kwako, mlio wa krosibo unamfikia baada ya sekunde 0.08. Mshale wa futi 400 kwa sekunde unamfikia baada ya sekunde 0.23 hivi. Ana mwanya wa sekunde 0.15 wa kusikia, kushtuka na kujisogeza. Mshale wa futi 300 unampa mwanya wa 0.22.

Sasa mpeleke kulungu huyohuyo mita 46. Mshale wa futi 400 unampa sekunde 0.25. Yaani krosibo ya haraka kwa umbali huo inamwachia kulungu muda mrefu kuliko krosibo ya pole kwenye mita 27. Ukisogea karibu umepata kile ambacho duka linakuuzia kwa bei ya juu.

Kulungu anaposhtuka hashiki njia ya mbele mara moja. Kwanza anachuchumaa, miguu ikunje ili apate nguvu ya kuruka, na kifua kinashuka. Mshale unapita juu ya mgongo, au mbaya zaidi unampata juu ya mapafu chini ya uti, mahali panapotoa damu kidogo na mnyama mwenye uhai mwingi. Ndiyo maana wazoefu hulenga theluthi ya chini ya kifua, na kulungu aliyekwisha kukaza shingo akitazama upande wako huachwa, hata akiwa karibu.

Kwa hiyo pima kelele. Dukani omba krosibo mbili zirushwe ukiwa umesimama pembeni, mahali salama, usikilize. Ile inayolia kwa mlio mzito mfupi ni bora kuliko inayopasua kama mjeledi. Vizuia-mtikisiko vya raba kwenye mikono ya krosibo (yale mabawa mawili yanayopinda) na kwenye upote vinasaidia, na mshale mzito unatuliza kelele kuliko hivyo vyote.

Basi umbali wa kupiga ni upi?

Umbali ule ambao mishale yako yote, ukiwa umekaa jinsi utakavyokaa porini, inaingia kwenye duara la sentimita 15. Eneo la moyo na mapafu la kulungu wa mkia mweupe, yule wa Amerika, ni kama sentimita 20 hadi 25, nawe unahitaji akiba kwa ajili ya upepo, baridi na moyo unaodunda. Kwa wengi umbali huo ni mita 25 hadi 35. Krosibo inaweza kuweka mishale pamoja kwenye mita 70 uwanjani, lakini shabaha ya uwanjani haipigi hatua moja mbele wakati mshale uko hewani.

Uzito wa kuvuta uwe ratili ngapi?

Krosibo nyingi za kuwindia kulungu ziko kati ya ratili 150 na 225 (kilo 68 hadi 102). Baadhi ya majimbo ya Marekani yameweka kima cha chini, na 125 ni namba utakayokutana nayo. Zaidi ya kutimiza sheria, usiihangaikie sana. Ratili peke yake haisemi mshale utatoka kwa nguvu gani, kwa sababu kuna urefu wa safari ya upote, kutoka unapofungwa hadi unapotulia. Krosibo ya ratili 175 yenye safari ndefu inaweza kuipita ya ratili 225 yenye safari fupi.

Swali la kujiuliza kuhusu ratili ni hili: utazivuta vipi?

Kamba, winchi au mikono mitupu?

Mikono mitupu, sahau. Si suala la ubabe. Ukivuta upote kwa vidole, ni vigumu mno mkono wa kushoto na wa kulia kuvuta sawa, na upote ukifungwa ukiwa umesogea milimita mbili upande mmoja, mshale unakwenda pembeni. Kadiri umbali unavyoongezeka ndivyo kosa linavyopanuka.

Kamba ya kukokia, yaani ya kuvutia upote nyuma mpaka ufungwe, ni kamba yenye ndoano mbili na vishikio viwili. Unakanyaga kikuku kilicho mbele, unanasa upote kwa ndoano, unanyoosha mgongo na kuvuta. Inapunguza uzito karibu nusu, kwa hiyo krosibo ya ratili 200 unaivuta kama ratili 100. Ni nyepesi, haina kitu cha kuharibika, inakaa mfukoni. Kwa mtu mwenye mgongo na mabega mazima ndiyo ningeanza nayo.

Winchi inageuza kazi hiyo kuwa ya kuzungusha mkono kwa ratili chache tu. Ni polepole zaidi na ina uzito wake, lakini kwa mzee, kwa mtu aliyeumia bega, kwa mwindaji mwenye umbo dogo, au kwa yeyote atakayekoki mara nyingi siku ya mazoezi, inastahili. Ukinunua krosibo ya kasi ya juu sana hutakuwa na hiari: mara nyingi imetengenezwa ikokiwe kwa winchi yake tu. Shika mkono wa winchi wakati wote. Kuna mifumo ambayo ukiuachia katikati unageuka na kuzunguka kwa nguvu, na kifundo cha mkono ndicho kinachoupokea.

Jaribu kukoki ukiwa umevaa yale makoti yote ya baridi. Dukani ukiwa na shati jepesi kila kitu ni rahisi.

Jioni imeingia na sijapiga kitu. Naiondolea vipi nguvu?

Hili ndilo swali ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi mpaka jua linapozama siku ya kwanza. Krosibo iliyokokiwa haiachwi usiku kucha, wala huwezi kubonyeza triga bila mshale. Ukifyatua tupu, nishati yote iliyopaswa kwenda na mshale inarudi kwenye mikono ya upinde, na mikono hiyo inaweza kupasuka, roda (magurudumu ya mwishoni mwa mikono) kupinda, upote kukatika. Vipande vinaruka karibu na uso wako.

Njia ya kizamani ni kubeba mshale maalumu butu wa kurushia ardhini kwenye udongo laini usio na mawe, au kuwa na shabaha ndogo kwenye gari. Inafanya kazi, ingawa unamaliza siku kwa mlio ambao kila mnyama wa karibu ameusikia. Baadhi ya winchi mpya, zikiwemo za TenPoint na Ravin, zinaweza kulegeza upote taratibu kinyumenyume bila kurusha chochote. Kama ningekuwa na fedha ya kuongeza sehemu moja tu ya krosibo, ningeiweka hapo kabla ya kununua futi 50 zaidi za kasi.

Yenye roda au isiyo na roda?

Yenye roda ina magurudumu mwishoni mwa mikono na kebo zinazopishana. Inatoa kasi kubwa kwa upana mdogo, ni rahisi kidogo kuikoki, na imejaa madukani. Tatizo lake linaonekana upote ukikatika ukiwa porini: huwezi kuubadilisha bila mashine ya kubania mikono, na roda zisipolingana tena inahitaji fundi.

Isiyo na roda ina mikono iliyopinda na upote mmoja, basi. Kampuni ya Excalibur ya Kanada imejijengea jina kwa aina hii. Upote unaubadilisha mwenyewe palepale kwa kamba ndogo ya msaada, hakuna kitu cha kupoteza ulinganifu, na ikidondoka kwenye mwamba una matumaini. Gharama yake ni upana, uzito mkubwa wa kuvuta, na mara nyingi kelele zaidi. Anayewinda mbali na fundi, siku kadhaa mfululizo, aichukue hii bila kusitasita. Anayewinda kwenye kibanda chembamba karibu na nyumbani atafurahia ya roda.

Ipo pia aina ya roda ambayo mikono yake imegeuzwa: imefungwa nyuma zaidi, karibu na mwindaji, na ncha zake zinaelekea mbele. Safari ya upote inakuwa ndefu na uzito unarudi karibu na mwili, kwa hiyo haikuvuti pua kwenda chini unapolenga. Ukiipata kwenye bajeti yako, ishike ulinganishe.

Upana una umuhimu gani hasa?

Mikono ya krosibo hufunguka kwa nguvu inapofyatuliwa. Ikigusa tawi, mlingoti wa dungu au ukingo wa dirisha la kibanda, mshale unakwenda unakotaka wenyewe na krosibo inaweza kuharibika. Kabla ya kubonyeza triga, angalia mikono yote miwili, kisha angalia tena mbele: darubini iko juu ya mshale kwa sentimita kadhaa, kwa hiyo unaweza kuona kifua cha kulungu wazi kabisa huku mshale ukielekea kwenye ubao wa dirisha. Kosa hilo ni la kawaida kwenye vibanda vya kuvizia.

Krosibo nyembamba ya roda inapunguza hatari hiyo. Kwenye dungu la juu ya mti, inchi chache za upana ndizo zinazoamua kama utaweza kugeuka bila kugonga shina.

Nzito au nyepesi?

Nyingi zina kilo 2.7 hadi 3.6 kabla ya kuongeza darubini, podo na mishale. Nyepesi inafaa kwa anayetembea sana. Ukiwa umekaa na una kitu cha kuegemea, uzito unakusaidia kutulia. Angalia zaidi uzito umekaa wapi, maana krosibo ya kilo 3 iliyolemea mbele inachosha kuliko ya kilo 3.5 iliyosawazika.

Triga nzuri nitaijuaje?

Utaijua kwa kuwa hutaihisi. Bonyeza taratibu. Ikisogea safari ndefu yenye mikwaruzo kabla ya kuachia, kila mshale utakuwa na bahati yake. Inayofaa inaachia kwa mkato mmoja, kwa uzito wa kama ratili 3 hadi 4. Hii unaijaribu tu mahali palipo na mshale na shabaha, kwa maelekezo ya muuzaji, wala si kwa kufyatua tupu kaunta.

Mara moja hapohapo tazama mambo mawili. Sefti, yaani kizuizi cha usalama cha triga: je, inaingia yenyewe unapokoki, na je, inatoka kimyakimya? Zipo zinazotoa mlio kavu wa "tak" ambao kulungu wa mita 20 hausamehi. Na kizuizi cha kufyatua tupu: krosibo ya kisasa isiyo na mshale uliokaa sawasawa inapaswa kukataa kabisa kuachia. Isiyo na kizuizi hicho, iache.

Kitako kikae begani bila kunyoosha shingo kutafuta darubini. Wenye mikono mifupi watafute kitako kinachorekebishika.

Kidole gumba kinakatikaje, au ni hadithi za kutishana?

Si hadithi. Upote unapita juu ya mfereji wa mshale kwa kasi ile tuliyoisema, na kidole gumba cha mkono ulioshika mbele kikichomoza juu ya ukingo, kinachukuliwa. Majeraha ya namna hii yanajulikana sana hospitalini, na wanaoumia si wageni peke yao. Hutokea zaidi mtu anapopiga kwa haraka, au anapobadilisha mshiko akiwa amekaa vibaya.

Nunua krosibo ambayo kishikio chake cha mbele kina mabawa mapana au tundu la kupitishia mkono, kiasi kwamba kidole hakiwezi kupanda hata ukisahau. Glovu nene zinafanya ukingo usihisike, kwa hiyo jaribu ukiwa umezivaa.

Darubini inayokuja nayo inatosha?

Kwa kawaida ndiyo. Krosibo nyingi huuzwa na darubini yenye mistari au nukta kadhaa, kila moja kwa umbali wake, kwa mfano yadi 20, 30, 40 na 50. Mistari hiyo ni sahihi kwa kasi fulani tu. Zile zenye pete ya kasi unazigeuza mpaka mistari ilingane na mshale wako. Zisizo na pete, itabidi ujue mwenyewe kila mstari unapiga umbali gani, ukiandika kwenye kikaratasi na kukibandika kitakoni.

Ukuzaji mkubwa hauna kazi hapa. Kulungu wa mita 25 kwenye darubini ya mara 5 anajaa manyoya tupu na hujui unatazama bega au paja. Mwanga wa magharibi na alfajiri ndio kipimo: peleka darubini nje ya duka jua likiwa limezama uone kama mistari bado inaonekana. Zenye mistari inayowaka zina faida hapo, ila kagua kama sheria ya unakowinda inaruhusu taa kwenye silaha.

Mishale yoyote inafaa?

Hapana, na hapa usibane matumizi. Kila mtengenezaji anataja uzito wa chini wa mshale, urefu, na aina ya mkia. Mshale mwepesi kuliko inavyotakiwa ni nusu ya kufyatua tupu.

Mkia wa mshale ndio jambo linalowaponza watu zaidi. Kuna mikia bapa, yenye mkunjo wa nusu mwezi, na ile inayoubana upote kwa kucha. Ukiweka mkia bapa kwenye krosibo iliyotengenezwa kwa nusu mwezi, upote unaweza kupanda juu ya mshale au kupita chini yake. Matokeo yake ni kama kufyatua tupu, huku mshale nao ukiruka hovyo. Boksi la mishale ya rafiki yako si la kwako hata kama urefu ni uleule wa inchi 20.

Kuhusu uzito, mimi naelemea kwenye mzito: greni 420 hadi 480 pamoja na kigumba. Unapoteza kasi kidogo, unapata utulivu, kelele inapungua, na mshale unaendelea kupenya hata ukikutana na mbavu. Kabla ya kila matumizi pinda mshale wa kaboni taratibu ukiusogeza karibu na sikio. Ukisikia ukilia au kuona ufa, uvunje kabisa usije ukarudi kwenye podo.

Vigumba vya kudumu au vinavyofunguka?

Vya kudumu vina wembe uliokwisha kukaa mahali pake. Havina kitu cha kugoma, vinapenya vizuri, lakini kwenye krosibo ya kasi kubwa vinashika upepo na kuupeleka mshale mbali na pale ulipopiga kwa kigumba cha mazoezi. Vinavyofunguka vinaruka karibu sawa na vya mazoezi na kufungua jeraha pana linaloacha damu nyingi ya kufuata. Nishati ya krosibo inatosha kuvifungua, kwa hiyo ile hofu ya wapiga upinde wa mkono kwamba havitafunguka haina uzito sana hapa. Kwa krosibo iliyo chini ya futi 350, chukua vya kudumu. Juu ya hapo, vinavyofunguka vilivyoandikwa kuwa ni vya krosibo, kwa sababu vya kawaida vinaweza kufunguka hewani.

Uzito wa greni 100 au 125, kama mtengenezaji wa krosibo alivyoelekeza. Baadhi ya majimbo yanadai upana wa kukata usiopungua inchi 7/8, yaani milimita 22. Na wembe wa mazoezi usiende nao porini.

Nimeona ya mtumba kwa bei nzuri. Ninunue?

Ukaguzi wa dakika kumi utakujibu. Chukua kipande cha pamba, ukipitishe juu ya mikono yote, pande zote, taratibu. Nyuzi za pamba zikinasa mahali, pana mpasuko ambao jicho halijauona, na mkono huo haufai. Tazama upote pale katikati unapogusana na kufuli: uzi wa kuzungushia ukiwa umelegea au kuchanika, utahitaji mpya, nawe uulize kama bado unapatikana kwa toleo hilo. Zungusha roda kwa kidole uone kama zimepinda. Muulize mwenyewe kama imewahi kufyatuliwa tupu, kisha umtazame usoni. Kuna kampuni zilizofunga na krosibo zao bado zinauzwa, na vipuri ndivyo vitakavyokutesa.

Upote wenyewe unapakwa nta kila baada ya mishale michache, isipokuwa ile sehemu iliyozungushiwa uzi katikati, ambayo hufuata maelekezo ya kitabu chake. Kwa matumizi ya kawaida, hesabu kuubadilisha kila baada ya miaka miwili hivi.

Kwenye dungu napanda nayo vipi?

Koki ukiwa chini, bila mshale, sefti ikiwa imeingia. Funga krosibo kwenye kamba, panda ukiwa umejifunga mkanda wa usalama, ndipo uivute juu huku uso wa mbele ukielekea mbali nawe. Mshale unawekwa ukiwa umekaa. Kukoki juu ya dungu, mguu kwenye kikuku na mwili umeinama nje ya ukingo, kumewaangusha watu. Wakati wa kushuka ni kinyume chake, na mshale unatoka kwanza.

Krosibo inaruhusiwa kila mahali?

Hapana, na afadhali uangalie kabla ya kununua. Nchini Marekani kila jimbo lina kanuni zake: sehemu nyingi sasa zinaruhusu krosibo msimu mzima wa upinde, nyingine kwa wazee na wenye ulemavu tu au msimu wa bunduki, na Oregon haiiruhusu kuwindia kabisa. Ontario, Kanada, inairuhusu kwenye msimu wa upinde. Uingereza sheria ya 1981 inayolinda wanyamapori inakataza kuua mnyama wa porini kwa krosibo, na Ujerumani hairuhusu kupiga wanyama wenye kwato kwa mshale. Ukishapata kibali, soma pia kifungu cha kusafirisha: baadhi ya majimbo yanahesabu krosibo iliyokokiwa ndani ya gari kuwa silaha iliyojazwa, hata podo likiwa kwenye buti.

Nikishainunua, nijiandae vipi kabla ya msimu?

Kaza skrubu zote za darubini na kikuku, maana mtikisiko unazilegeza. Weka shabaha mita 18, rekebisha, kisha rudi nyuma mstari kwa mstari. Usipige mishale miwili kwenye nukta moja: kwa krosibo nzuri wa pili unauvunja wa kwanza. Badilisha kutoka kiti cha uwanjani uende kwenye kiti cha porini, ukiwa na koti, glovu na mwanga hafifu. Piga vigumba vyako halisi kwenye shabaha ya povu inayovihimili, uone kama vinakwenda pamoja na vya mazoezi. Mshale unaostahili kuangaliwa zaidi ni ule wa kwanza wa siku, kabla mwili haujachangamka, kwa sababu porini kwa kawaida hupewi wa pili.

Na nikishampiga, nimfuate mara moja?

Kaa. Kulungu aliyepigwa kwenye mapafu mawili huanguka karibu, lakini subiri angalau nusu saa hata hivyo. Shuka kimya, tafuta mshale. Damu nyekundu yenye mapovu ni mapafu. Damu nyeusi nzito inaashiria ini, nayo inahitaji saa nne au zaidi. Mshale wenye ute wa kijani na harufu ya tumbo unakwambia uondoke kabisa, urudi baada ya saa nane hadi kumi na mbili, kwa sababu mnyama asiyesumbuliwa hulala karibu, na anayefukuzwa hutokomea msituni bila kuacha tone.